Ukosi wa Takenoshin

Mwone kwanza akija, ndipo nikusimulie. Mvua ndefu ya mwanzo wa kiangazi inanyesha, kichochoro chetu cha mtaa wa Kanda kimekuwa tope tupu, na mwanamume mwembamba anakuja ameinama, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya koti. Koti ni lake. Yeye mwenyewe amebaki na nguo nyepesi iliyomganda mgongoni, maji yanamdondoka puani. Nyuma yake anakuja mwanamke amejitwisha kila kilichobaki: sufuria, magodoro, birika, ndoo, na mwavuli ambao hakubaki na mkono wa kuufungua.

"Ni mtoto huyo?" nikamuuliza yule mwanamke, maana koti lile lilibebwa kwa upole mno.

"Mtoto gani, mama? Ni ubao," akanijibu. "Mimi hapa mke mdogo. Mke mkubwa ni huo ubao wa mcheri."

Ndivyo Kanroku na mkewe Okiwa walivyohamia upande wa pili wa ukuta wangu. Mimi nauza tofu, ule mgando mweupe wa maharage ya soya. Ukuta wenyewe ni mbao na udongo kidogo. Mtu akijikuna upande ule, wa upande huu anajua amejikuna wapi. Kwa hiyo mengi nitakayokwambia niliyasikia kwa masikio yangu, na yaliyobaki Kanroku alinipa mwenyewe, kidogo kidogo, siku ambazo kuongea kulimjia.

Kazi yake ilikuwa kuchonga picha. Mchoraji huchora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba, watu hulijua jina lake, hulisema madukani. Karatasi hiyo humfikia mchongaji, naye huibandika juu ya ubao, akaondoa mti wote ambao si mstari. Kisha mchapaji hupaka wino, hulaza karatasi, husugua. Jina la mchongaji halijulikani na mtu, isipokuwa kwa muuza tofu. Na Kanroku hakuchonga miti wala mawimbi. Yeye alipewa nyuso na nywele. Aliketi karibu na dirisha, shavu limekaribia kugusa ubao, akachonga nywele za paji la uso unywele mmoja mmoja, mpaka rafiki yake Bunzo, mchapaji, alikuwa akija anasimama mlangoni na kuziba pua.

"Mbona umeziba pua?" Okiwa humuuliza.

"Naogopa kupiga chafya, shemeji. Nikipiga tu, samurai wa watu ataamka kipara."

Kuna jambo moja la kazi hiyo nataka ulikumbuke. Karatasi ya mchoraji hulazwa kifudifudi, uso chini, kama mtu anayelia. Lazima. Kilicho kwenye ubao kiwe kimegeuka, ili kikichapwa kitoke sawa. Mwanafunzi hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kushika kisu, na Kanroku alikuwa ameshika kisu tangu utotoni.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, alikuja mzee Hirade. Huyu alikuwa msimamizi wa jumba la bwana mmoja mkubwa ng'ambo ya mfereji, jumba lile ambalo sisi wa kichochoroni tulilijua kwa masikio tu. Kila asubuhi tulisikia uzi wa upinde ukilia, kisha kimya kifupi, kisha mshale ukipiga shabaha. Ndio uwanja wao wa mazoezi. Hirade alitaka picha ya uwanja huo, si ya kuuza dukani, bali ya kugawiwa watu wa jumba lile siku ya mishale ya kwanza ya mwaka mpya. Na alitaka nyuso za vijana wao zitokee zilivyo, kila mtu ajijue.

Mchoraji alienda akakaa uwanjani, akachora. Nimeiona picha hiyo. Njia ndefu ya mchanga uliopigwa reki, tuta la udongo lenye shabaha mwisho wake, msonobari ulioinama kana kwamba unasikiliza. Vijana wawili wamesimama, bega la kushoto wazi, pinde zimevutwa. Wengine wamepiga magoti mstari mmoja, wanangoja zamu, wametazama mbele. Wa mwisho katika mstari huo alikuwa kijana mmoja jina lake Kijuro, masikio yamesimama kidogo. Kanroku alimchonga mpaka masikio.

Ubao ulikuwa umekwisha, haujatiwa wino hata mara moja, Hirade aliporudi. Hakuketi. Okiwa alimletea chai, hakuigusa.

"Huyu wa mwisho," akasema, akamwonyesha Kanroku kwenye ubao kwa ncha ya upepeo wake. "Mtoe."

"Uso wake haukukaa vizuri, bwana?"

"Umekaa vizuri sana. Mtoe. Mwingine atakaa hapo."

"Anaumwa?" Okiwa akauliza kutoka jikoni. Mwanamke yule hakuwa na kufuli mdomoni.

Hirade alimtazama muda wa mtu kumaliza kikombe, kisha akatoka. Kisimani kesho yake tukasikia kwamba Kijuro amezikwa. Alizikwa alfajiri, bila kuhani kupita njia kuu, bila ndugu kuonekana. Hakuna aliyesema kafa kwa nini. Tulichota maji yetu tukaondoka haraka kuliko siku nyingine.

Sasa, kumtoa mtu kwenye ubao si kazi ya ajabu. Unachimba sehemu yake, unakata kipande cha mcheri kinachoingia sawasawa, unakigongomea hapo kama kiraka, kisha unachonga upya juu yake. Kanroku alimchimba Kijuro kichwa mpaka kifuani. Mikono akaiacha, magoti akayaacha. Mwingine angekuja kuvaa mwili ule ule.

Huyo mwingine aliitwa Takenoshin. Na alikuja mwenyewe kuleta mchoro wa uso na ukosi wake, kikaratasi cha ukubwa wa ganda la haragwe kilichokunjwa ndani ya kitambaa, na mkono wa pili amebeba vitafunwa vya maharage matamu. Kijana wa umri wa kuota ndevu, panga mbili kiunoni, anacheka kabla hujamaliza kusema.

"Fundi, nipunguzie pua. Dada yangu anasema nikigeuka haraka nitaumiza mtu."

"Pua ya bwana mdogo siwezi kuigusa, ina mwenyewe," Kanroku akasema.

"Basi niongezee kidevu. Wewe mama, umeficha tikiti ndani ya nguo?"

"Ni mtoto, bwana mdogo!" Okiwa akacheka. "Atatoka theluji ikianguka, tukijaliwa."

Takenoshin akawa kama mtoto aliyepata wazo. Akasema kwamba kwenye majumba makubwa mtoto anapozaliwa, mpiga upinde husimama nje akavuta uzi mtupu, bila mshale, ukalia, na kila kibaya kinachozungukazunguka nyumba kikakimbia. "Nitakuja kumpigia wa kwenu."

"Sisi? Watu wa kichochoroni?"

"Uzi haujui nyumba ya nani. Niiteni tu."

Nilikuwa nimesimamisha jiwe langu la kusagia ili nisikie vizuri. Walikula vile vitafunwa, wakacheka, Kanroku huku anachanganya gundi ya wali. Mara Kanroku akauliza, polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu: "Na yule Kijuro. Bwana mdogo alimfahamu?"

"Tulikuwa zamu moja kiangazi chote, lango la nyuma. Mimi na yeye tu." Sauti yake ilishuka. "Siku moja wakamwita ndani. Hakurudi kwenye zamu. Nikaambiwa anaumwa, kisha nikaambiwa nikae mahali pake kwenye picha."

"Hukuuliza?"

"Kwetu hatuulizi, fundi." Halafu akacheka tena. "Haya, nibandike, nione navyofanana na ubao."

Na Kanroku, huku anacheka naye, akakibandika kile kikaratasi. Kilikuwa chembamba, wino umepenya pande zote mbili. Kijana ametazama mbele, jicho huku na jicho huku, uso usiojua kulia wala kushoto. Mtu angetazama mara mia asijue uso wa karatasi ni upi na mgongo ni upi. Alichonga, akakabidhi ubao, Bunzo akachapa, karatasi zikafungwa kwenye kitambaa cha rangi ya zambarau, zikapelekwa kwa Hirade, akaziweka sandukuni kungoja mwaka mpya. Hirade alilipa vizuri. Sote tulidhani mambo yamekwisha.

Bunzo alimwachia Okiwa karatasi moja iliyoharibika, rangi ya msonobari ilikuwa imemwagikia mawinguni. Okiwa si mtu wa kutupa karatasi. Baridi ilipoanza kuuma, alizibia tundu la dirisha, akaibandika picha ikitazama nje ili wapita njia waone kazi ya mumewe.

Asubuhi moja jua likatoka kali, likapenya lile dirisha. Okiwa alikuwa ndani anachana nywele.

"Mzee, njoo uone maiti wako," akasema, anacheka.

"Maiti gani?"

"Hawa wapiga mishale. Wote wamefungwa nguo za jeneza."

Naye alisema kweli. Kila aliye hai kwetu hufunga nguo upande wa kushoto ukija juu ya wa kulia. Wa kulia huja juu siku moja tu, na siku hiyo hujifungi mwenyewe.

"Wewe nawe," Kanroku akasema bila kuinua kichwa. "Unatazama mgongo wa karatasi. Kila kitu kimegeuka, na ukosi pia umegeuka. Ulitaka nini?"

"Haya, nimegeuziwa. Basi huyu wa mwisho mbona yu hai?"

Nilisikia kisu kikianguka. Kanroku hakuwahi kuangusha kisu.

Alitoka nje bila viatu, juu ya barafu nyembamba ya asubuhi, akasimama mbele ya dirisha lake kama mwizi. Nikafungua mlango wangu. Kutoka nje picha ilikuwa sawa: vijana wote wamefungwa kama wewe na mimi, kushoto juu. Isipokuwa Takenoshin. Mistari miwili midogo chini ya kidevu, myembamba kama unyoya, imepishana kinyume. Kikaratasi kile kilikuwa kimelazwa uso juu. Kanroku alikuwa amemtoa mtu aliyekufa mahali pale, akamketisha aliye hai, akamvika kama aliyekufa.

"Nilikuwa nacheka," akaniambia.

Bunzo aliitwa. Alitazama, akasonya, akatazama tena.

"Nani atayaona haya? Mkeo ana macho ya kunguru. Kwenye jumba lile hakuna mwenye macho ya mkeo."

"Wataona. Kila mtu atatafuta uso wake, na Takenoshin atatafuta wake."

"Basi wakiona watasema mchongaji kamwapiza mtu wao. Unamkumbuka yule aliyechora nembo ya jumba fulani kwenye mkia wa mbweha? Alirudishwa kwao hana vidole. Ndugu yangu, ziba mdomo."

"Na kijana mwenyewe?"

"Kijana ana panga mbili, wewe una kisu cha kuchongea nyusi. Nani amlinde nani?"

"Bunzo, mahali pale pameshakula mtu mmoja."

Bunzo hakutania tena. Alichukua kofia yake akaenda zake.

Siku zilizofuata Kanroku hakuchonga. Asubuhi uzi ulipolia ng'ambo ya mfereji alisimama uani, kichwa kimeinama upande, anasikiliza, kana kwamba anaweza kujua ni mkono wa nani. Tulisikia Okiwa akimsihi ale, wali upoe tumboni si bakulini. Jioni moja wakaongea, na sikuhitaji kusogea ukutani.

"Ukienda kusema, watakukata mikono," Okiwa akasema. "Nani atamlisha huyu?"

"Nisipokwenda?"

Nikasikia Okiwa akiweka bakuli chini. "Usipokwenda, nani atampigia uzi?"

Hapo akawa ameshaamua kwa niaba yao wote wawili. Asubuhi alimfunga mumewe nguo kwa mikono yake, akaweka upande wa kushoto juu, akaugandamiza kwa kiganja kana kwamba anapiga muhuri.

Kanroku aliingia kwa lango la nyuma, akaambiwa angoje kwenye changarawe, magoti chini. Kutoka pale aliuona uwanja. Ulikuwa kama alivyouchonga, msonobari ule ule, tuta lile lile. Vijana walikuwa wanapiga. Takenoshin alikuwa wa mwisho katika mstari. Alipomwona Kanroku alipandisha nyusi, akashika pua yake kwa vidole viwili, akaivuta.

Hirade alitoka akaketi ukumbini. Kanroku aliweka paji la uso chini, akasema yote bila kupumua: kikaratasi, gundi, kicheko, uso juu badala ya chini. Akasema kosa ni lake peke yake, mchapaji hakujua, mke hakujua. Akaomba apewe zile karatasi azichome, atachonga kiraka kingine bila malipo, hata macho yakitoka. Kisha akanyoosha mikono yake mbele, juu ya changarawe, ichukuliwe ikibidi.

Hirade akaagiza sanduku. Akafungua kile kitambaa cha zambarau, akatoa karatasi moja, akaisogeza karibu na macho ya kizee. Uwanjani uzi ulilia. Mshale ukapiga.

"Nani mwingine ameliona hili?"

"Hakuna, bwana."

"Ulikuwa unafahamu lolote? Kuna mtu alikwambia jambo, huko kisimani kwenu?"

"Jambo gani, bwana? Nilikosea tu. Nilikuwa nacheka."

Mzee yule aliitazama karatasi tena, muda mrefu, na Kanroku anasema uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma habari aliyokwisha kuijua. Akairudisha juu ya zile nyingine, akafunga kitambaa, fundo la kwanza, fundo la pili.

"Acha ilivyo."

"Bwana, naweza kuanza leo hii. Mwaka mpya bado."

"Nimesema acha. Zitagawiwa mwaka mpya. Ikifika siku hiyo halitakuwa kosa tena."

Kanroku alihisi changarawe zimekuwa baridi kuliko barafu.

"Mikono yako ni mizuri," Hirade akasema, anainuka. "Na nasikia mkeo yu karibu kujifungua. Vitunze vyote viwili. Pita lango lile lile, usisimame njiani."

Lango lile lile lilipita kando ya uwanja. Kanroku alitembea macho chini, anaihesabia miguu yake hatua ili isikimbie. Nyuma yake alijua mzee bado amesimama ukumbini, hakuwa amesikia mlango ukifungwa. Mara mchanga ukalia mbele yake, Takenoshin amekuja mbio hadi kwenye uzio, upinde mkononi, shingo imetoka jasho, ukosi wake umefungwa vizuri, kushoto juu.

"Fundi! Mbona umekuwa rangi ya tofu? Mzee kakuuma?"

Kanroku alitazama mchanga.

"Mtoto bado? Nimeshanunua uzi mpya, ule wa zamani una sauti ya paka. Usisahau kuniita." Akainamia uzio, akashusha sauti, anatabasamu. "Niambie basi, nimewaona mmeishika picha. Kasema nini juu yangu?"

Tangu siku ile Kanroku hachongi nyuso. Ukimpelekea kazi atakuchongea nyasi, mvua, mawimbi, na atakuchongea vizuri. Vichwa huwaachia wengine. Amenisimulia habari hii mara nyingi, tumeketi mlangoni, na kila mara akifika kwenye uzio ule hunyamaza, hugeuza kisu kiganjani, hutazama kidirisha ambacho Okiwa alikiziba upya kwa karatasi nyeupe. Siku ile, mle ndani alikuwa na mke na mtoto ambaye hajazaliwa. Mgongoni alikuwa na macho ya Hirade. Na mbele yake kijana anangoja, bado anatabasamu. Nami sijawahi kumhimiza amalizie, kwa sababu mimi mwenyewe nimejiuliza nikisaga soya zangu, na sijapata jibu. Wewe, ungekuwa umesimama pale kwenye uzio, ungemwambia nini?